Slaidi za Toinette wa Lubunga

Wenzangu mnaobaki na chaki, mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kufundisha jiografia, na kwa kuwa sasa sina kengele ya kunikimbiza, nitaandika. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilichelewa, mishahara vilevile, na hayo mnayajua bila kufundishwa na mtu. Nitasema juu ya picha. Ukiniuliza nimefanya nini maisha yangu yote, nitakujibu kwamba nimewaonyesha watoto picha, na mwishoni nikawafundisha kuonyesha za kwao. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu leo, nimeshastaafu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Madame Kavira. Baba yangu alishuka kutoka upande wa Butembo na maharagwe na vitunguu, akafungua duka la jumla hapa Kisangani, na alitegemea binti yake atasimama nyuma ya mizani. Nilipomwambia naenda kufundisha, akaniuliza walimu wanauza nini. Mpaka leo ndugu zangu wakisema "mwalimu" wanalitamka kama jina la ugonjwa. Na watu wa mto, wale wa Yanonge na Isangi, walinicheka kwa Kiswahili changu cha milimani. Nimeishi katikati ya vicheko hivyo viwili na nimenenepa.

Siku yangu ya kwanza, katika shule yetu ile ya Kabondo, nilikuta darasa limejaa hadi madirishani na ramani moja ukutani. Mchwa walikuwa wameshakula bahari ya Atlantiki pamoja na mdomo wa mto, kwa hiyo mto wetu ulikuwa unamwagika ndani ya tundu. Somo lilikuwa milima. Nilisema saa nzima, nikaandika ubao wote, nikafuta, nikaandika tena. Mwishoni msichana mmoja wa mbele akainua kidole.

"Madame, mulima iko nini?"

Nilitazama nje. Mji wetu mmeuona: ukipanda juu ya meza ndiyo umepanda. Nikachora kwa mikono hewani, nikasimama kwa vidole vya miguu, nikasema ni udongo mwingi uliokwenda juu. Watoto waliitikia kwa adabu, jinsi unavyomwitikia mgeni anayesimulia ndoto yake.

Katika darasa la jirani alikuwa Papa Anselme, mwalimu mkubwa kuliko sisi wote, na ukuta baina yetu ulikuwa wa mbao nyembamba. Alikuwa amesikia kila neno. Wakati wa mapumziko akaja na karatasi ya mfuko wa simenti iliyokunjwa. Akaikunjua: katikati alikuwa amebandika picha ya kalenda, mlima mweupe kileleni na ng'ombe wadogo chini yake.

"Mama, usiseme mulima," akaniambia. "Onyesha mulima, kisha unyamaze. Batauliza bao benyewe."

Watauliza wao wenyewe: hiyo ndiyo elimu yote niliyopata juu ya kazi hii, na ilitosha. Vyombo vya Papa Anselme vilikuwa mkasi, kalenda za zamani alizoomba kwenye maduka ya dawa, mifuko ya simenti, na gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Alizitundika picha zake kwenye kamba kama nguo, kwa sababu ya mende. Mende wanaipenda gundi ya muhogo kuliko wanafunzi wanavyoipenda jiografia. Alikuwa anainua picha mbele ya darasa na kufunga mdomo, na ule ukimya wake ulikuwa mzito hata mtoto wa mwisho nyuma aliacha kuzungumza. Mimi niliuogopa ukimya huo kwa muda mrefu. Mwalimu kijana anadhani akinyamaza watu wataona kwamba hajui.

Baadaye tuliokota katika bohari ya shule mashine ya mapadri wa zamani, ile ya kuonyesha vipicha vidogo vya kioo kwenye ukuta. Tulitundika shuka, tukafunga madirisha kwa mikeka, na watoto wakaona bahari kwa mara ya kwanza, wakiwa wanatoka jasho kama wavuvi. Taa yake ilipoungua hatukupata nyingine mjini, wala Kinshasa. Papa Anselme aliipeleka ile mashine kwake akaifanya kigoda. Alipokufa, familia yake ilinipa mkasi wake. Bado unakata.

Kisha zikaja simu zenye kamera, na wanafunzi wa zamani wakachanga wakatununulia kompyuta moja na projekta. Kwa vile mimi ndiye niliyejulikana kwa mambo ya picha, nikakabidhiwa vyote viwili, pamoja na lawama zake. Na kwa sababu kila mwaka darasa la sita, la mwisho la sekondari, lazima lionyeshe kazi yake mbele ya walimu na wazazi, nikawa mwenye slaidi.

Miaka ya mwanzo ilikuwa balaa. Watoto walikuwa wananakili kurasa nzima za Kifaransa, wanazibandika kwenye slaidi kwa herufi ndogo kama sisimizi, kisha wanatugeuzia mgongo na kuzisoma. Wazazi walilala. Walilala kwa heshima, wameketi wima, mikoba magotini. Kundi moja lilionyesha msitu wa Tshopo kwa picha walizotoa kwenye intaneti, na ndani ya msitu wetu akatokea chui mwenye milia ya rangi ya machungwa. Babu wa mmoja wao aliuliza anakaa upande gani, ili apite pengine.

Ndipo nikaweka sheria zangu, nanyi mnazijua, maana wengine wenu niliwafundisha. Picha ni lazima uipige mwenyewe. Kwenye slaidi hakuna maandishi, mdomo unao. Slaidi moja, kitu kimoja, na kiwe kikubwa hata mama aliyeketi nyuma kabisa, asiye na miwani, akione. Simu uilaze, usiisimamishe. Jua liwe mgongoni kwako. Kazi uiweke kwenye flashi mbili, kwa sababu flashi ni kama rafiki wa sokoni, inakusalimu leo na kesho haikujui. Na sheria ya mwisho, niliyoisimamia kuliko zote: humpigi mtu picha bila kumwomba, na humwonyeshi mbele ya watu kabla hajajiona mwenyewe akakubali. Hapa kwetu mtu ana haki juu ya uso wake. Wengi waliiona sheria hii kama mzigo tu. Ngojeni niwaambie ilivyofanya kazi siku moja.

Katika mwaka wangu mmoja wa mwisho-mwisho nilikuwa na mwanafunzi anayeitwa Toinette. Familia yao ilikuwa ya Isangi, watu wa maji, sasa wanakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Mama yake alikuwa muuza samaki wa kukaushwa. Toinette alikuwa na akili ya haraka na kasoro moja tu: alichelewa. Kutoka kwao anatembea hadi libongo, pale mitumbwi inapoegeshwa, anangoja mtumbwi ujae maana hautoki nusu, anavuka, kisha anatembea au anabebwa na toleka, zile baiskeli zetu za abiria, hadi Kabondo. Asubuhi za ukungu mtumbwi hautoki kabisa, kwa sababu mpiga kasia haoni ng'ambo.

Prefe wetu, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya. Alikuta shule ambayo kila mtu aliingia saa aliyoamka, akainyoosha kwa mlango wa chuma na kufuli. Kengele ikilia, anafunga mwenyewe kwa mkono wake. Aliyebaki nje anarudi kwao, na kutokuwepo kwake kunahesabiwa. Siku hizo zikizidi, jina lako halipelekwi kwa mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza shule. Za Toinette zilikuwa zimefika ukingoni. Prefe alimwita ofisini, akaniita na mimi, akamwambia mbele yangu kwamba akibaki nje mara nyingine moja, mwaka wake umekwisha.

Tulipotoka nikamuuliza anataka kufanya kazi gani ya slaidi, kwa sababu wenzake walikuwa wameshachagua. Alikuwa na hasira, hakulia.

"Minataka kuonyesha njia yangu ya masomo, Madame. Bon, baone bao benyewe."

Nilifurahi sana. Kwa kazi hii, huyo alikuwa mjukuu wa Papa Anselme bila kumjua.

Akaniletea picha baada ya siku chache, tukazifungua kwenye kompyuta, na mimi nikakaa kimya, lakini si ule ukimya wa ufundi. Mpiga kasia alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, limepigwa pasi. Kina mama kwenye mtumbwi walikuwa wamefunga liputa mpya, vitenge vya sikukuu, na mabeseni ya samaki wameyaficha nyuma yao. Wanafunzi wadogo wa ng'ambo walisimama kwa mstari, viatu vinang'aa, mikono ubavuni. Mto ulikuwa laini, jua zuri, mji unaonekana ng'ambo kama kadi ya posta. Mtu akiangalia angesema: hawa wanakwenda harusini, kwa nini mnawahurumia?

"Ulipiga siku gani?" nikauliza.

"Siku ya yenga, Madame. Baliniambia nirudi yenga, kisha misa, beko basafi."

Yenga ni Jumapili, na baada ya misa kila mtu ni safi. Basi alikuwa amefuata sheria yangu barabara: aliomba, na watu wakampa ruhusa kwa sharti lao. Msiwacheke. Nani kati yenu amepigwa picha bila kwanza kuchana nywele? Kwetu picha ni kitu kinachobaki baada yako, kitakaa juu ya kabati siku ya matanga yako, na hakuna anayetaka kuliliwa akiwa na kandambili. Mtoto angefanyaje, abishane na nusu ya Lubunga?

Mwalimu mwingine angemwambia arudi Jumatatu na awaibie picha watu wakiwa hawaoni. Nilijua hata prefe angeshtuka kwa picha kama hizo. Lakini sikuwa nimesimamia sheria ile miaka yote ili niivunje siku iliponibana. Nikavuka mwenyewe kwenda kumwona mama yake.

Nilimkuta uani kwake, anageuza samaki juu ya moshi. Aliponiona nimeshika simu, akadhani nimekuja kumpiga picha, akaacha kazi, akaingia ndani, akatoka na blauzi nyingine. Nikamweleza shida yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, minakuheshimu," akasema. "Lakini mutoto yangu hatamwonyesha mama yake na matope kwa miguu mbele ya ba papa benye suti. Umaskini yangu minaijua. Hakuna haja ya kuipiga picha."

"Na kama jina lake halitapelekwa kwa mtihani?"

Akageuza samaki mmoja, kisha wa pili. "Ile ndiyo inanikataza usingizi," akasema. "Tafuta njia ingine. Weye uko mwalimu."

Niliporudi kwenye mtumbwi niliketi mbele, nikatazama vitu vilivyokuwa miguuni pangu. Kulikuwa na kopo la mafuta lililokatwa, la kutolea maji, limechakaa mpini. Kulikuwa na viatu vya shule vya mtoto fulani ndani ya mfuko wa plastiki, ili visilowe. Kopo halikuwa limevaa nguo ya Jumapili. Nikajikuta nacheka peke yangu, na mpiga kasia akaniuliza kama niko salama.

Kesho yake nikamwambia Toinette: watu waache na mavazi yao mazuri, ni haki yao. Asubuhi ya kazi upige vitu. Vitu havina nguo za kubadilisha. Kisha kila mtu mzuri wa Jumapili umwekee pembeni kitu chake cha Jumatatu, slaidi moja kwa mtu, inayofuata kwa kitu. Alielewa kabla sijamaliza. Mnajua jinsi uso wa mtoto unavyofunguka anapoelewa kabla yako? Kwa ajili ya hilo mtu anaweza kufundisha hata bila mshahara, na kweli tulifundisha hivyo mara kadhaa.

Zile picha sasa zilikuwa na meno. Mpiga kasia na shati lake jeupe, kisha kopo lake. Watoto kwa mstari, kisha viatu ndani ya plastiki. Kina mama wa liputa, kisha mabeseni yao ya samaki yaliyopangwa mchangani kushika nafasi mtumbwi unapongojwa. Kisha ukungu: picha nyeupe tupu, na chini kabisa pua ya mtumbwi uliofungwa. Niliiangalia ile picha muda mrefu. Hakuna kitu ndani yake, na ndiyo iliyosema kuliko zote.

Ya mwisho ilikuwa mlango wa shule yetu. Aliupiga kutoka nje, siku moja aliyofika mlango ukiwa unafungwa, akapenya kwa bahati baada ya kuipiga. Nondo za chuma zilijaza picha nzima, na nyuma yake, wazi kabisa, prefe na mikono ya shati amekunja, ufunguo mkononi, uso umekaza. Hakujua kama anapigwa picha.

"Hii iko nguvu, Madame," Toinette akasema polepole. "Lakini huyu iko mutu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni mtu."

"Alors, iko lazima nimuulize."

Nilijua akienda na picha ile ofisini, mtoto ambaye jina lake lilikuwa limening'inia kwa uzi, prefe angeweza kuukata uzi wenyewe. Nikamwambia anaweza kuitoa na hakuna atakayemlaumu. Akafikiri, akasema bila mlango njia yake haifiki popote. Basi tukaenda pamoja, nami niliogopa, nawaambia kweli, mimi mwenye miaka yote ile kazini.

Prefe aliishika simu mbali na macho, kisha karibu. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mapumziko.

"Ulinipiga lini hii?"

"Monsieur le préfet, ile siku nilikaribia kubakia inje. Ninaomba ruhusa ya kuionyesha. Kama unakatala, minaitoa."

"Nani mwingine ameiona?"

"Madame peke yake."

Akaniangalia mimi. Nikaangalia simu. Mwishowe akairudisha mezani na kusema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Siwezi kuonyeshwa kwa wazazi vile. Sina hata veste, hata koti. Donc, utaipiga tena. Kesho asubuhi, palepale, saa ya kufunga. Nitajitayarisha."

Tukamshukuru, tukatoka, na tulipofika kona ya jengo Toinette alishika ukuta. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka na kuogopa kwa pamoja. Prefe wetu alikuwa mtu wa Kisangani kama mpiga kasia, na alitaka shati lake la kanisani.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji hata miti ya barabarani hukuiona. Prefe alikuwa tayari mlangoni, amevaa koti la bluu analoliweka kabatini kwa ajili ya wakaguzi, na tai, na viatu vimepakwa rangi. Alinukia sabuni. Kengele ikalia. Akauvuta mlango nusu, akashika kufuli, akaweka uso wake wa picha.

"Mupiga picha iko wapi?"

"Iko kwa maji, monsieur le préfet," nikasema.

Akatazama barabara. Hakukuwa na kitu, ukungu tu. Akabaki na uso wa picha kwa kitambo, kisha akauacha, kwa sababu uso wa picha unachosha. Hakuweza kufunga, maana picha ilikuwa ya kufunga. Hakuweza kwenda ofisini, maana angerudi na koti lenye mikunjo. Akangoja. Sidhani kama alikuwa amewahi kumngoja mwanafunzi tangu aanze kazi.

Wachelewaji wa karibu walianza kutokea mmoja mmoja. Wakiona mlango uko wazi na prefe amevaa tai, walisimama mbali, wakadhani kuna msiba. "Pita, pita," akawaambia, "munaniharibia picha." Walipita mbio, wameinama. Kisha barabara ikawa tupu tena. Akaniuliza kama mtumbwi unakawia hivi kila siku. Nikamwambia siku za ukungu, ndiyo, na siku nyingine unangoja kujaa. Akauliza kwa nini wasianze safari mapema. Nikamwambia wanaanza mapema. Hapo hakuuliza tena. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, viatu vile vilikuwa vipya.

Mwishowe tukawasikia kabla ya kuwaona, miguu mingi inakimbia. Watoto wa Lubunga walitoka ndani ya ukungu, wadogo mbele, viatu mikononi, na Toinette nyuma yao, amembeba mmoja mgongoni. Wakamwona prefe, wakajikusanya pale nje. Toinette akamshusha yule mdogo, akafuta simu kwa sketi yake. Pumzi ilikuwa inamkata.

"Monsieur le préfet, unaniruhusu?"

"Ninakuruhusu. Ngoja, nifunge."

Akaufunga mlango, akaweka kufuli, akazungusha ufunguo, akasimama wima na tai yake. Toinette alipiga. Kisha akashusha simu, na wote wawili wakabaki wanaangaliana kupitia nondo, yeye na koti lake ndani, mtoto na matope yake nje, na kengele ilikuwa imelia zamani. Niliona prefe anaelewa. Ilianzia kwenye mikono. Alitazama kufuli kana kwamba limewekwa na mtu mwingine.

Kwa sheria yake mwenyewe, ile ndiyo ilikuwa mara moja iliyobaki.

Alitafuta tundu la kufuli, ufunguo ukateleza, akajaribu tena, akafungua. "Muingie wote," akasema. "Mulikuwa kwa kazi yangu, hamukuchelewa." Akatembea kwenda ofisini bila kungoja waingie.

Siku ya maonyesho umeme ulikatwa kama kawaida, tukawasha jenereta na kuifungia nyuma ya jiko ili isitushinde sauti. Nilikuwa nimemwambia Toinette kila slaidi aiache wazi mpaka mtu akohoe, ndipo aseme. Mama yake alikuwa amevuka kwa ajili ya kazi ile, amevaa vizuri kabisa, na nilimkaribisha kwenye kiti karibu nami. Prefe aliketi mbele kwenye mstari wa wageni. Toinette akaonyesha mpiga kasia, akaonyesha kopo. Wazazi wa ng'ambo walicheka walipojiona, kisha kicheko kikawa kinapungua slaidi kwa slaidi. Kwenye ukungu hakuna aliyekohoa. Ikabidi nikohoe mimi.

Akafika kwenye mlango. Prefe mkubwa kwenye shuka, koti la bluu, tai, ufunguo, na nondo mbele yake kuanzia juu hadi chini. Toinette hakusema neno. Huo ulikuwa ukimya wa Papa Anselme mtupu.

Prefe akasimama, akageukia wazazi, na kwa Kifaransa chake cha wakaguzi akasema waitazame vizuri picha ile, kwa sababu pale mlangoni hawataiona tena. Watoto wa ng'ambo wataingia hadi mwisho wa saa ya kwanza ya masomo. Watu wakapiga makofi, lakini Toinette hakupiga. Alikuwa bado amesimama kando ya shuka, nusu ya picha inamwangukia usoni.

"Na mimi, monsieur le préfet?"

Akamjibu, vilevile kwa Kifaransa, bila kumtazama, akirekebisha kiti chake ili aketi: jina lake lilipelekwa kwa mtihani siku ileile ya picha, kabla ya mapumziko.

Mama yake alinivuta mkono. Kifaransa hakukijua. "Madame, amesema nini juu ya mutoto yangu?"

"Mama, amesema ataandika mtihani."

Akaniachia mkono, akaketi. Ndipo nilipogundua kwamba tangu slaidi ya kwanza alikuwa amesimama.